Pimbi Achagua Chumba Melini

— Ngano, ngano!
— Iteremke!
— Niiteremshie wapi?
— Hapa hapa tulipo!
— Na atakayesinzia?
— Tumfinye!

Haya. Kidole cha kufinyia kiwe tayari, maana nawajua.

Hapo kale wanyama walipata meli yao ya kwanza ya starehe. Meli nyeupe, ndefu, ya kulivuka ziwa zima kwa siku mbili, mtu anakula humo, analala humo. Hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kupanda meli. Ziwa walilijua kwa kunywa maji yake tu, lakini kila mmoja alikuwa na maneno ya kuwafundisha wenzake.

Miongoni mwa abiria alikuwepo Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, asiye na mkia wala pembe. Pimbi hakuwa anakwenda kutembea. Alikuwa anampeleka mama yake mzee bandari ya mwisho, kwa dada yake Pimbi aliyejifungua.

Mapimbi wana desturi yao. Mtoto akizaliwa hukaa ndani siku saba. Siku ya saba bibi mzaa mama humbeba, humtoa nje kwa miguu yake mwenyewe, humwonyesha jua, kisha humpa jina. Bibi huyo akishindwa kusimama, basi kazi ni ya upande wa baba na jina wanatoa wao. Na wakwe walikuwa na jina tayari. Walitaka mtoto aitwe Mashaka.

"Mjukuu wangu Mashaka?" Mama Pimbi alisema. "Mimi nikiwa hai?"

Meli ingefika siku hiyo hiyo ya saba, asubuhi. Tatizo lilikuwa moja: Mama Pimbi alikuwa mtu wa kizunguzungu. Hata akiwatazama watoto wa jirani wakicheza bembea, yeye ndiye aliyetapika. Kwa hiyo Pimbi alijua kwamba jina la mpwa wake linategemea chumba kisichoyumba.

Nahodha wa meli alikuwa Mwari, ndege mwenye mdomo mkubwa na maneno machache. Alitangaza sheria zake. Honi ya kwanza, abiria wapande. Honi ya pili, kila mtu atandike kitambaa chake kwenye kitanda anachokitaka, kama tunavyoweka leso kushika kiti. Honi ya tatu, yeye mwenyewe atapita kuandika majina milangoni kwa chaki. Atakayetaka kuhama baada ya hapo atatangazwa kwenye kipaza sauti, jina lake na sababu yake, meli nzima isikie.

Vuuuu! Honi ya kwanza. Wanyama wakakimbilia juu kutazama madirisha. Pimbi akamshika mama yake mkono, wakashuka chini jikoni.

Jikoni walimkuta Kobe, mpishi aliyezeeka katika meli za mizigo. Pimbi akamwamkia, akaitikiwa, kisha akatazama sufuria ya uji iliyojaa pomoni. Akauliza kwa nini jiko limewekwa huku gizani na juu kuna upepo mzuri.

"Kule juu uji ungeulamba ukutani," Kobe akasema. "Meli huinua pua, meli huinua mkia. Kiuno chake hakiendi popote. Mimi napika kiunoni."

Pimbi hakuuliza la pili. Nyuma ya ukuta wa jiko palikuwa na chumba kidogo kama kasha, hakina dirisha, kinanuka vitunguu. Kiuno chenyewe kilikuwa hapo. Akafurahi mpaka masikio yakamcheza.

Vuuuu! Honi ya pili. Pimbi akatandika leso ya mama yake kitandani.

Mara ngazi zikalia. Gudu! Gudu! Gudu! Nani huyo? Nyati. Nyati mwenye kifua kama mlango wa ghala, na blanketi jekundu begani. Sasa Nyati alikuwa na tabia moja. Hakujua kuchagua. Hotelini alingoja mwenzake aletewe sahani, akaichukua hiyo. Malishoni alingoja mwenzake ainamishe kichwa, akala hapo hapo. Aliamini kwamba kizuri ni kile ambacho mwingine amekishika, na kwa kuwa alikuwa na pembe, hakuna aliyemsahihisha.

Akachungulia chumbani, akaona masikio ya Pimbi yanacheza.

"Kunja chako, nitandike changu," akasema.

"Haya. Mkubwa ni mkubwa," Pimbi akajibu, akakunja leso. Moyo ulimuuma kwelikweli, maana mama yake alikuwa ameshaanza kuvua viatu. Lakini alipokuwa anapanda ngazi, akatulia. Akamwambia mama yake kwamba Nyati hakuchukua chumba, amechukua furaha yao. Basi wakafurahie mahali pengine.

Wakaenda nyuma kabisa, kwenye mkia, chumba kilichokaa juu ya injini. Dugudugudugu! Kitanda kinatetemeka, sakafu inaunguza nyayo. Pimbi akatandika leso, akajinyoosha, akasifu kwa sauti kwamba hapa mtu anakandwa mgongo bure na kupashwa moto juu yake.

Gudu! Gudu! Gudu! Nyati huyo, blanketi begani.

"Kunja chako, nitandike changu."

"Haya. Mkubwa ni mkubwa."

Angekuwa mjinga wa kawaida angekimbia pale pale kurudi jikoni, na Nyati angemfuata. Pimbi hakukimbia. Alipanda juu, juu zaidi, mpaka kwenye pua ya meli. Pale palikuwa na chumba chenye dirisha kubwa kama ukuta, pazia, kiti cha kuzunguka, na kibaraza cha kusimamia. Wanyama watatu walikuwa mlangoni wanakitamani, wakiogopa kuingia. Pimbi akaingia. Akatandika leso, akaivuta pembe zote nne. Akamnong'oneza mama yake ashike kitanda na asikiachie mpaka Nyati aseme mara mbili.

Mama Pimbi alikuwa mtu mkweli, hakuzoea mambo haya, ila alilikumbuka lile jina la Mashaka. Akakikumbatia kitanda kama mtoto aliyepotea akaonekana.

Gudu! Gudu! Gudu!

"Kunja chako, nitandike changu."

Safari hii Pimbi hakukunja. Akatazama dirishani, akameza mate, akatazama dirishani tena.

"Mzee Nyati, shikamoo. Mama yangu ni mgonjwa. Tuachie hiki kimoja tu."

Nyati hakuitikia hata shikamoo. Kusikia anaombwa, ndipo chumba kilipozidi kung'aa machoni pake.

"Nimesema kunja."

"Haya," Pimbi akasema, na sauti ikamkatika vizuri sana. "Mkubwa ni mkubwa."

Blanketi jekundu likatua kitandani. Vuuuu! Honi ya tatu. Nahodha Mwari akaandika NYATI mlangoni kwa chaki, kwa herufi kubwa. Huko chini, chumba cha vitunguu kilikuwa kinangoja vilevile, maana hakuna aliyekitaka; Pimbi na mama yake wakashuka, wakatandika leso kabla chaki ya nahodha haijafika mlango huo.

Saa ya kwanza Nyati alisimama kibarazani, kifua mbele, akiwapungia wote waliokuwa chini. Saa ya pili upepo ukaamka. Pua ya meli ikapanda, wiii! Ikashuka, paa! Ikapanda, wiii! Ikashuka, paa! Kiti cha kuzunguka kikazunguka chenyewe. Nyati akashika pazia, pazia likang'oka. Akashika dirisha, akaliona ziwa limesimama wima. Mchana alikuwa amekula sahani yake na za wenzake wawili, na sasa zote tatu zikaomba kutoka kwa pamoja.

Chini, Mama Pimbi alikuwa anashona kofia ya mtoto. Uzi uliingia kwenye tundu la sindano mara ya kwanza.

Gudu... gudu... gu. Mlango ukafunguka. Nyati alikuwa ameshika ukuta kwa mikono yote miwili, uso umegeuka rangi ya majivu.

"Kunja chako," akasema, na hakuweza kumaliza.

Mama Pimbi akaishika leso yake. Lakini Pimbi akasimama upesi, tena kwa furaha.

"Haya, mkubwa ni mkubwa. Twende kwa nahodha atutangazie. Atasema, Nyati ameomba chumba cha Pimbi, sababu ameshindwa na cha kwake. Meli nzima ikishasikia, nitakukunjia mwenyewe."

Nyati akafikiri. Kufikiri kwenyewe kulimtikisa tumbo. Akawaona akilini wale watatu waliokitamani chumba chake, akaona watakavyotazamana.

"Nani ameshindwa?" akauliza. "Nilishuka kunusa mapishi."

"Ndivyo nilivyodhani," Pimbi akasema. "Ushikilie ngazi, mzee."

Nyati akapanda. Wiii! Paa! Siku mbili, wiii na paa.

Asubuhi ya siku ya saba meli ikafunga gati. Mama Pimbi akashuka ngazi kwa miguu yake, hakushikwa na mtu. Akaenda moja kwa moja kwa binti yake, akawapita wakwe waliokuwa wamejipanga mlangoni, akambeba mtoto, akamtoa nje, akamwonyesha jua. "Wewe ni Tulia," akamwambia. Kisha akalia kidogo, kwa sababu alikuwa na haki ya kulia.

Nyati alishushwa na watu wanne. Waliokuwa gatini wakamuuliza chumba kilikuwaje. Akafumbua jicho moja.

"Dirisha kama ukuta," akasema. "Nimeshakishika na kwa safari ya kurudi."

Fundisho la ngano hii, watoto, na mlishike: usipoteze muda kuwauliza wapishi. Ngoja mwenzako achague, kisha mnyang'anye. Utapata dirisha kubwa, na utaona mambo mengi ya ajabu, hata chakula chako cha mchana utakiona mara mbili.

— Ngano imefunga gati!
— Tushuke!
— Wa kwanza kushuka?
— Mwenye miguu yake!
— Na Nyati?
— Tumbebe!