Sekunde Arobaini za Mzee Rwegoshora

“Hiki chombo kinasikia hata mtu akinyamaza?”

Mzee Rwegoshora aliuliza hivyo akiwa amekaa kitini, maikrofoni mbele ya kidevu chake, na hakuna aliyemjibu. Kemilembe, mtangazaji kijana aliyemwita, alikuwa anavaa vifaa vya masikioni. Fundi mitambo alikuwa anahesabu moja, mbili, moja, mbili. Bwana Kalokola, mwenye kituo, alikuwa ameinama anamfunga mzee vifungo vya koti.

Maana Bwana Kalokola alikuwa na kituo cha redio, na kituo kilikuwa na kabati, na ndani ya kabati kulikuwa na koti la kijeshi. Koti lilitoka mara moja kwa mwaka, wiki ya Siku ya Mashujaa. Kifuani lilikuwa na nishani sita, zote zilinunuliwa kutoka kikundi cha maigizo kilichovunjika. Kila mwaka alitafutwa mzee mmoja aliyepigana vita ile ya mpakani, akavishwa, akapigwa picha za kuweka mtandaoni, akaulizwa maswali matatu. Kisha koti likavuliwa, likapigwa pasi, likarudi kabatini, na mzee akarudi kwake na shati lake. Safari hii ilikuwa zamu ya Mzee Rwegoshora. Alikuwa mtu mwembamba, mikono ya koti ilimfunika mpaka vidoleni. Aliziangalia zile nishani moja moja, akauliza koti hili lilipigana vita gani, mbona yeye hakuwahi kukutana nalo huko. Wakacheka. Walicheka wote, na kwa kucheka wakaona wameshamjibu.

Wasichokijua ni kwamba mzee hakuja kuvishwa. Alikuwa na neno la mtu, na neno hilo alikuwa amekaa nalo miaka arobaini. Kikosi chao kiliporudi nyuma, siku ya mvua, mwenzake aliyeitwa Shigela Ndoshi alipigwa risasi. Rwegoshora alimbeba mpaka alipogundua kwamba amebeba maiti. Akamzika peke yake, akichimba kwa kofia yake ya chuma, na alipomaliza akahesabu hatua kutoka pale mpaka mahali ambapo mtu yeyote angeweza kupatambua, ili siku moja arudi na wenyewe. Alimweleza ofisa wake, na ofisa naye akafa kabla hajaandika. Vita ilipokwisha, alituma barua mbili kwa watu wa Shigela, upande wa pili wa ziwa. Zote zilirudi, watu wamehama. Nyumbani kwake hakumwambia yeyote alipomzika. Alisema neno lile lina wenyewe, na si vizuri lizunguke kwa majirani kabla wenyewe hawajalisikia. Halafu ikaja redio ya Bwana Kalokola, inayoshika mpaka ng’ambo ya ziwa, na mzee akaona njia imepatikana. Miaka saba alisubiri zamu yake ya koti.

Maswali yalikuwa yale yale matatu. Alijisikiaje alipoitwa vitani. Aliogopa au hakuogopa. Ana ujumbe gani kwa vijana. Mawili ya kwanza aliyajibu haraka haraka, kama mtu anayetoa vitu mlangoni apate nafasi ya kupita. Alipofika la tatu alikaa sawa. Akasema ana ujumbe kwa watu wa Shigela Ndoshi. Kisha akanyamaza. Kisha akakohoa. Kisha akasema kwa sekunde arobaini, sauti iko chini, akitaja mahali, akihesabu, akirudi nyuma kusahihisha hesabu yake. Kemilembe alisikia yote, maana vifaa vilikuwa masikioni mwake, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Walipomaliza, mzee alilivua koti mwenyewe, akalikunja, akampa kila mtu mkono, hata mlinzi wa getini. Alishukuru kupita kiasi. Kemilembe alidhani anashukuru kwa sababu ya picha.

Sasa, Kemilembe huyu chuoni alikuwa anasifiwa kwa jambo moja: kusafisha sauti. Mpe mtu anayegugumia, mpe mtu anayekohoa, atakurudishia mtu anayesema kama maji ya bomba. Na Bwana Kalokola alikuwa na sheria yake, kwamba redio ikinyamaza sekunde tatu, msikilizaji anahama. Kipindi kilipewa dakika moja na nusu. Mazungumzo ya mzee yalizidi kwa sekunde arobaini. Kemilembe akatazama mchoro wa sauti kwenye kompyuta. Pale mzee alipoeleza risasi na mizinga, mchoro ulikuwa na vilima. Pale mwisho ulikuwa umelala chini, karibu hakuna kitu. Akaacha lile jina, Shigela Ndoshi, kwa sababu lilikuwa linagusa moyo. Kilichofuata jina akakikata. Mahali pake akaweka tarumbeta, na juu ya tarumbeta akasema kwa sauti yake nzuri kwamba tunawaenzi mashujaa wetu. Kipindi kiliporushwa, akafuta rekodi ya awali, maana kompyuta imejaa na huo ndio utaratibu. Hakuwa na nia mbaya. Angekuwa nayo, leo tungekuwa na mtu wa kumlaumu tukaenda zetu kulala. Watu walituma pongezi mpaka simu ya kituo ikapata moto. Safi, waliandika. Mzee anasema vizuri, hata kikohozi hakuna.

Wiki ya pili, mwanamke mmoja wa miaka sitini na kitu aliingia getini na mkoba wa ukindu. Aliitwa Minza Ndoshi. Alikuwa amesafiri kwa basi siku mbili kuzunguka ziwa. Alieleza, kwa utulivu kabisa, kwamba alikuwa mashineni anasubiri mahindi yake yasagwe, redio inaongea, mara akasikia jina la kaka yake. Alimsihi mwenye mashine aizime ili asikie vizuri. Mashine ilipozimika, ilikuwa tarumbeta. Akaeleza pia kwamba mama yao yuko hai, amepita miaka tisini, na kwamba hajaanua matanga ya Shigela mpaka leo. Ndugu wamembembeleza wamechoka. Anasema hawezi kumaliza msiba wa mtu ambaye haijulikani amelala wapi. Kwa hiyo Minza hakuwa na mengi. Aliomba tu asikilizishwe maneno yaliyofuata jina.

Bwana Kalokola alisema palitokea hitilafu ya mitambo. Alilisema bila kumeza mate, kisha macho yake yakang’aa, maana aliona kipindi. Akamkalisha Minza kwenye kile kile kiti. Akamwomba arudie pale aliposema mama bado anasubiri, ila taratibu kidogo, na kama machozi yanakuja asiyazuie. Minza alimtazama kama mtu aliyesalimiwa kwa lugha ngeni. Kemilembe naye akatazama mkono wake mwenyewe. Kidole kilikuwa kimeshabonyeza kitufe cha kurekodi. Taa nyekundu ilikuwa inawaka tangu Minza alipotaja mashine ya kusaga. Hakuna aliyemtuma. Mkono ulikuwa umezoea.

Akazima. Akamshika Minza mkono, wakaenda kwa miguu mpaka kwa Mzee Rwegoshora, na njiani akajipa moyo: mzee yupo, atasema tena, tutaandika kwenye karatasi, mambo yatakwisha.

Mkaza mwana wa mzee aliwapokea uani, mikono ina unga. Aliwaambia mzee alipata kiharusi, ni siku ya tisa sasa. Kisha, kwa kuwa Kemilembe hakuulizwa ni nani, mwanamke yule alisimulia tu. Kwamba siku ya kipindi mzee aliita nyumba nzima wasikilize. Kwamba jina lilipotajwa na tarumbeta ikaanza, aliinua mkono wanyamaze, akasubiri. Alisubiri mpaka zikasomwa bei za mafuta ya taa. Asubuhi yake alikwenda mwenyewe kituoni, akaambiwa mkurugenzi ana wageni, arudi sherehe zikishapita. Alirudi nyumbani hakula. Siku ya nne akaanguka.

Mzee alikuwa kitandani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Minza alipiga magoti, akamwamkia, akasema yeye ni mdogo wake Shigela. Lo. Uso ule ulifunguka. Mdomo ukajaribu. Ukajaribu tena. Ilitoka pumzi, na pumzi, na mate, na mkaza mwana akayafuta kwa kitambaa. Kemilembe alikimbia shule ya jirani akaazima ramani, akaanza kumsomea majina, moja baada ya jingine, kando ya mpaka wote. Mzee aliitikia kwa kichwa jina la kwanza, na Minza akashika kitanda kwa mikono miwili. Aliitikia na la pili. Aliitikia la tatu na la nne. Kemilembe, ili ajue kama anachagua kweli, akamsomea jina la mji huu huu walimokuwa. Akaitikia na hilo, machozi yanaingia masikioni.

Walitoka uani. Minza alikaa juu ya kinu kilichoinamishwa, akavua kandambili akaziweka sawa. Kemilembe aliikunja ramani, akaikunjua, na Minza, kwa kumwona uso umemshuka, akaanza yeye kumbembeleza. Alimwambia asijilaumu. Mitambo huharibika, hata ile ya kusagia kwao huharibika kila mara. Alimshukuru kwa kutaja jina tu, maana walikuwa hawajawahi kulisikia likitajwa na mtu wa nje. Akamwita mwanangu. Kemilembe alikuwa ameshinda midahalo mitatu ya vyuo, na hakuna hoja iliyowahi kumpata pale ilipompata shukrani ile.

“Si mitambo, mama,” alisema. “Nilimkata mimi. Nakumbuka alihesabu hatua mia mbili na kumi. Sikumbuki alianzia wapi.”

Kuku walipita kati yao. Minza alizivaa tena kandambili zake, moja, kisha ya pili.

“Hatua zisizo na mwanzo,” alisema, “nimpelekee mama akazifanyie nini?”

Hakulaani, hakulia. Aliingia ndani akamuaga mzee, akamgusa ule mkono uliolala, akaondoka na basi la mchana. Kemilembe alibaki stendi ameshika ile ramani ya watu. Aliporudi kituoni, Bwana Kalokola alimuuliza kama amepata chochote, akamaanisha sauti. Mzee Rwegoshora alizikwa mwezi uliofuata. Ng’ambo ya ziwa kuna mama aliyepita miaka tisini, na matanga yake hayajaanuliwa.

Mtasema huyo ni Kemilembe, na nyinyi hamna redio. Haya. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumngoja mzee wa vita apite kikohozi chake? Tunawataka na risasi zao, tunawataka na saluti zao, tunawapiga picha wakitetemeka tukaandika neno shujaa chini yake. Wanapofika kwenye neno lililowaleta, tunakuwa tumeshatosheka. Na tunatoka pale tukijiona tumewaheshimu. Hiyo ndiyo aibu, na haina mitambo ya kusingiziwa.

Basi nakuomba jambo moja tu. Mzee wa namna hiyo aliye kwenu au jirani yenu, nenda kwake leo, ambayo si siku ya sherehe. Muulize alimwacha nani, na alimwacha wapi. Ukishamuuliza, kaa hapo mpaka amalize.