Bamba la Mama Kwandu

Hapo zamani, siku ya Jumamosi, saa tatu kasorobo asubuhi, Mama Kwandu aliwaita wanawe watatu uani kwake, juu ya kilima chenye mawe mengi kuliko nyumba, akawaambia kwamba anahama. Goti lake halikutaka tena kupanda mlima. Angehamia bondeni kwa mmoja wao, lakini hakuwa tayari kuliacha jiwe lake.

Jiwe lilikuwa kubwa kama ndama aliyelala. Kila jioni mama alilikalia, na kwa kuwa lilikuwa la mviringo, alikaa mshazari.

"Lipasueni nipate bamba moja la kukalia," alisema. "Atakayenipatia, nitaliweka mbele ya mlango wake na kuishi kwake. Baruti sitaki, na fundi wa kulipwa sitaki."

Wote watatu walimtaka. Nyumba ya Nyanjige, kifungua mimba, ilikuwa kimya tangu watoto wake waondoke. Lugwisha alitaka wanawe wakue na bibi yao. Limi, kitinda mimba, aliishi peke yake na cherehani.

Nyanjige akaanza. Akalimwagia jiwe maji, akakaa kulitazama likikauka. Lote likakauka, isipokuwa uzi mmoja mwembamba uliobaki mweusi kutoka kichwani hadi mkiani. Huo ndio ulikuwa mshipa wa jiwe, mahali linapokubali kupasuka. Akauchora kwa mkaa kabla haujapotea, akajifuta mikono. Jiwe likanyamaza.

Lugwisha akafuata na nyundo na tindo. Akipiga, akiizungusha tindo kidogo, akipiga tena, akatoboa safu ya matundu juu ya mstari wa mkaa. Alikuwa amenoa kabari kutoka kwenye springi chakavu za gari. Akachomeka moja katika kila tundu. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na viganja vimetoka malengelenge, akaichagua kabari ya katikati akaitwanga kwa nguvu zake zote. Jiwe likanyamaza. Akalitukana, akaenda kula.

Jumapili Limi akapanda na nyundo ndogo. Akagonga kila kabari mara moja, polepole, kuanzia upande huu hadi ule, kisha akarudia. Kila alipopita, mlio ulipanda. Ulipolingana kwenye kabari zote, akaacha, akaketi kunywa uji. Jiwe likanyamaza. Limi akalisubiri.

Kabla hajamaliza uji, jiwe likasema "tak".

Nusu moja ilitoka na nundu. Hiyo walikubaliana kuivunjavunja iwe kingo za bustani. Nusu ya pili ilikuwa bapa kama meza. Limi akaigongagonga pembeni mpaka makali yakaisha, kanga ya mama isije ikanasa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Mama anakuja kwangu," alisema Nyanjige. "Bila mstari wangu mngepata kokoto."

"Dada, mstari wa mkaa haujawahi kupasua hata andazi," alisema Lugwisha. "Matundu ni yangu, kabari ni zangu. Tazama mikono hii. Na lile pigo la jana ndilo lililolichosha jiwe."

"Lile pigo la jana, kaka, nusura lituvunjie bamba," alisema Limi. "Wewe ulilipiga jiwe, mimi nililisubiri. Lilipasuka kwa nani?"

"Lilipasuka ukiwa unakunywa uji," alijibu Lugwisha. "Basi tuseme limepasuliwa na uji."

Mama Kwandu alicheka mpaka akashika ubavu, ila hakuamua. Nyanjige alipendekeza mama akae kwa kila mmoja wao kwa zamu. Mama alikataa; bamba lile, alisema, si sufuria ya kuazimana.

Jioni hiyo majirani walisaidia kulisukuma bamba juu ya magogo mpaka chini ya kilima, pale njia inapogawanyika kuwa tatu, kila moja ikielekea kwa mwanawe mmoja. Likaachwa hapo.

Kesho yake asubuhi Mama Kwandu alifunga nyumba, akajitwika furushi lake, akateremka taratibu na fimbo. Alipofika kwenye njia panda aliliweka furushi chini, akaketi juu ya bamba, wima kabisa, akawangoja wanawe. Watatu hao walikuja, kila mmoja akasimama kwenye njia ya kwake na mkono ameunyoosha.

Mama akawatazama mmoja mmoja, akanyanyuka.

Je, nyinyi mnaonisikiliza, aushike mkono wa nani?