Ugonjwa wa Mkono wa Fisi

Mvua za mwaka ule hazikuja. Za mwaka uliofuata zilikuja siku moja, zikalowesha vumbi, zikaondoka. Mto ukabaki mchanga mtupu. Waliokula majani wakakonda, na waliozoea kuwala hao wakakonda zaidi.

Duka la Bi Nungu likawa mahali muhimu kuliko pote nyikani. Nungu alikuwa mama wa miiba mingi na maneno machache, na tangu miaka ya neema alikuwa akikausha nyama na kuweka mtama. Ulimletea kuni, au maji kutoka kisima cha mbali, naye akakupimia chakula. Wote waliridhika isipokuwa Fisi, aliyependa sana nyama na kuchukia kabisa kuni.

Siku moja saa sita mchana, jua likichoma hata mijusi, Fisi aliingia dukani amevaa koti zito.

"Unaumwa, Bwana Fisi?" Nungu akamuuliza.

"Homa tu, Bi Nungu. Nimekuja kuulizia chumvi."

Nungu alipogeuka kutafuta chumvi, Fisi akachomoa paja zima la nyama kavu kwenye kamba, akalibana kwapani ndani ya koti. Nungu akarudi. Akaitazama kamba, akalitazama koti lililovimba upande mmoja, kisha akasema kwa upole, "Hebu nisaidie, wewe ni mrefu. Niteremshie mfuko ule wa mtama."

"Mkono wa kulia unaniuma."

"Tumia wa kushoto."

Fisi akainua wa kushoto. Mfuko ukamwelemea, na bila kufikiri akainua na wa kulia. Paja likaanguka, likatua katikati ya miguu yake. Ngiri na Kanga, waliokuwa wakisubiri kupimiwa mtama, wakalikodolea macho.

"Sijui hii imetoka wapi," Fisi akasema.

"Imetoka kwapani mwako," Nungu akajibu. "Kesho asubuhi tukutane kwa Simba."

Sheria ya nyika ilijulikana: aliyeiba chakula wakati wa njaa alifukuzwa ng'ambo ya vilima, ambako hakukuwa na hata tone la maji. Fisi akaondoka, akaenda moja kwa moja kwa Sungura, aliyesifika kwa mdomo wake na ambaye hakuwahi kubeba ukuni maishani.

"Nafikiri nikamwombe radhi Bi Nungu," Fisi akasema.

"Ukiomba radhi umekubali kosa," Sungura akamwambia. "Ukishakubali, mimi nitatetea nini? Una chakula gani nyumbani?"

"Kibuyu cha asali. Ndicho cha mwisho."

"Kilete."

Sungura akaimimina asali katika bakuli na kuila kwa mikono miwili. Alipotosheka, akamruhusu mwenye asali alambe kilichobaki.

Asubuhi wanyama wakakusanyika. Simba alikuwa amekaa juu ya jiwe, manyoya ya shingo yamechanwa mara mbili, kwani kwake kesi ilikuwa nafasi ya kutazamwa.

"Mtukufu," Sungura akaanza, "mteja wangu si mwizi, ni mgonjwa. Mkono wake wa kulia hushika vitu wenyewe. Yeye mwenyewe husikitika sana ukifanya hivyo."

"Basi tuukague mkono," Nungu akasema, akasogea.

"Usiuguse," Sungura akadakia. "Unaambukiza. Anayekula naye chombo kimoja huupata ugonjwa siku ileile."

Wote wakarudi nyuma. Hata Simba akavuta miguu yake juu ya jiwe. Sungura akatabasamu, aliona kesi imekwisha.

Lakini Fisi, ambaye kufikia hapo alikuwa ameuamini ugonjwa wake kabisa, akaanza kulia. "Nisamehe, ndugu yangu Sungura. Jana tulikula asali bakuli moja. Nimekuponza."

"Wafungwe mikono wote wawili," Simba akaamuru, "mpaka wapone."

Nyani akawafunga kwa kamba, mikono nyuma. Sungura aliendelea kutabasamu kwa muda. Kisha nzi akatua kwenye sharubu zake, ambako asali ilikuwa imegandia. Akaja wa pili. Kisha ukaja ukoo wao mzima. Sungura akapiga chafya, akatikisa masikio, akajigaragaza mavumbini, na nzi wakagaragara naye.

"Ugonjwa huu hupona lini?" Simba akamuuliza.

"Haupo, Mtukufu. Nimeutunga mimi. Nifungueni."

Simba akasimama. "Yaani nimevuta miguu mbele ya raia wangu kwa ajili ya ugonjwa usiokuwapo?" Mnyama mmoja akacheka, hakujulikana ni nani. "Wote wawili, ng'ambo ya vilima."

Fisi hakumtazama Sungura tena. Alimgeukia Nungu. "Niliiba, Bi Nungu. Nilikuwa na njaa, na kuni nilizikwepa kwa uvivu. Jana nilitaka kukuambia, nikaona haya."

"Ungeniambia jana, ningekupa magogo mawili upasue, yakaisha," Nungu akasema. Kisha akamgeukia Simba. "Wakifia huko mimi nitapata nini? Nipe hawa. Pipa langu la maji linahitaji wabebaji wawili."

Simba alikubali, kwa sharti kwamba asiwaone karibu na jiwe lake.

Basi kila siku pipa lilining'inia kwenye mti mrefu wa kubebea mabegani, Fisi akiubeba mbele na Sungura nyuma. Kwa kuwa Sungura alikuwa mfupi, pipa lilimtelezea na maji yakammwagikia masikioni. Sungura alimwambia kila aliyekutana naye njiani kwamba yeye ni msimamizi wa kazi. Walimsikiliza, wakamtazama alivyolowa peke yake, wakapita.

Siku ya saba, Nungu alikata kipande kinene cha nyama, akamkabidhi Fisi mkononi bila neno. Fisi hakwenda nacho nyumbani. Alikaa palepale mlangoni pa duka, mahali ambapo kila mteja angemwona, akala polepole. Kanga akapita, akamsalimu kwa mara ya kwanza tangu siku ya aibu ile, na Fisi akaitikia salamu mdomo ukiwa umejaa.