Jina Lililopotelea Kwenye Kompyuta

Mniwie radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu. Inataka mtu mwenye sauti ya chini na uso wa msibani, na mimi nimejaliwa sauti ya kunadi mitumba na uso ambao hata nikitoa pole watu wanasubiri kichekesho. Kwa hiyo mahali pa kuogopa, ogopeni wenyewe. Msiningoje mimi.

Walikuwako ndugu watatu, watoto wa Bibi Kolowa, katika mji mmoja wa milimani ambako ukungu huingia hadi sebuleni bila kubisha hodi. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Zahabu, mkubwa, alikuwa na vidole. Alichapa kazi za watu kwenye duka lake la stesheni, na alichapa kama mvua juu ya bati: neno liliingia sikioni, likatokea vidoleni, kichwani halikupita kabisa. Ukimwuliza, "Dada, ile barua ilihusu nini?" anakujibu, "Mimi nachapa, sifanyi umbea."

Hoza, wa katikati, alikuwa na mkono wa kufufua. Simu iliyoanguka chooni, redio iliyokaliwa na mjomba mnene, kompyuta iliyokatiwa tamaa na mafundi wote, vyote vilipita kwake vikaamka. Watu walimtania kwamba asialikwe misibani, asije akawavurugia wenye haraka na mirathi.

Mbelwa, kitinda mimba, alikuwa na masikio. Mlango wa jirani ukifungwa, alikwambia nani kaufunga, na kama jioni ile kuna chakula au kuna ugomvi.

Walikuwa na ndugu wa nne, Semboja, aliyefariki mkewe Mwanjaa akiwa mjamzito. Mtoto alizaliwa wa kiume, na tangu azaliwe akawa analia tu. Hakunyonya. Alilia mpaka sauti ikamkauka, halafu akaendelea kulia bila sauti, mdomo wazi, kama mtu anayepiga kelele nyuma ya kioo. Zahanati walimpima, hawakuona ugonjwa. "Ila asiponyonya," walisema, "hatuna naye muda mrefu."

Bibi Kolowa akamtazama mjukuu wake, akasema, "Huyu anadai jina."

Katika ukoo ule, kila mtoto huja na jina la mmoja wa waliotangulia zamani, na jina hilo hushikwa na mtu mmoja tu. Mwenye kulishika humsimulia mtoto wake mkubwa kisa chote cha ukoo, na mwisho wa kisa humtajia jina. Akishalitaja, limemtoka. Halimo tena kichwani mwake, kama halijawahi kuwamo. Kisha huyo mkubwa humnong'oneza mtoto mchanga sikioni, mara moja tu.

Kazi ya Zahabu ilikuwa kukaa na kusikiliza. Yeye akaona atafanya vizuri zaidi: akaleta laptopu.

"Mama, simulia, mimi nachapa. Hivi hatutasahau kitu."

Bibi akasimulia. Zahabu akachapa. Katikati akasema, "Mama, ngoja kidogo nisevu."

"Usinikatishe! Nikikatishwa naanza upya, na mtoto hana muda wa kuanza upya."

Basi hakusevu. Bibi akafika mwisho, akalitaja jina. Zahabu akalichapa, na papo hapo skrini ikawa nyeupe kama sanda. Kile kimstari kinachopepesa kikapepesa kidogo, kikasimama. Programu ikajifunga yenyewe.

"Mama, rudia hapo mwisho."

Bibi akamtazama kwa upole, kama mgeni anayeulizwa njia. "Nirudie nini, mwanangu?"

Hapo ndipo Hoza alipoitwa. Akaivuta laptopu, akaitegea sikio kama daktari. "Programu hizi hujiwekea nakala chinichini, hata usipoziambia," alisema. "Mwandishi anajua kazi imekufa, kumbe imejificha tu." Akachimba, akaipata. Maneno yakaanza kurudi, mstari kwa mstari, na chumba cha pili kilio kikapungua. Kila ukurasa ulipofunguka, mtoto alinyamaza kidogo, kama anayesomewa. Mpaka wakafika hapa: "Na huyu aliyerudi kwetu sasa, jina lake ni." Nakala ikaishia hapo. Mtoto akaangua kilio kuliko mwanzo.

"Sasa nipisheni," akasema Zahabu. Akafumba macho, akaweka vidole juu ya kibodi. "Hoza, nisomee mistari ya mwisho. Kichwa changu hakijui, lakini hivi vinajua." Hoza akamsomea, taratibu. Alipofika kwenye "jina lake ni", vidole vikakimbia vyenyewe. Zahabu akafumbua macho, na kwenye skrini pameandikwa: Semboja.

Kilio kikakatika.

Kule chumbani, ambako hakukuwa na mtu ila Mwanjaa na mwanawe, mwanamume akakohoa. Kikohozi kile kila mtu mle ndani alikuwa amekizoea miaka mingi.

Mwanjaa akatoka mbio, mtoto kifuani, machozi na kicheko kwa pamoja. "Wifi, ni yeye! Ni mume wangu karudi! Mwiteni basi!"

Zahabu akainua mikono yote miwili juu kwa furaha, akavuta pumzi amwite.

"Dada, funga mdomo!" Huyo alikuwa Mbelwa. "Rudisha mikono hapo. Hujamaliza. Mimi Mama alipokuwa anasimulia nilikuwa nje nachanja kuni, nikasikia ulivyochapa. Mwishoni ulichapa neno, halafu kikafuata kile kitufe cha kufutia, kile kinachokwama, ta-ta-ta-ta, mpaka neno likaisha. Ndipo ukachapa lingine. Mama aliteleza. Alimtaja mwanawe, akajisahihisha."

Bibi Kolowa akashika ukingo wa meza. "Aliyezikwa juzi haitwi," alinong'ona. "Ukimwita, haji kukaa. Anakuja kuchukua."

Kikohozi kikasikika tena. Safari hii kilikuwa nyuma ya mgongo wa Mwanjaa.

Zahabu akabonyeza kile kitufe kinachokwama. Herufi moja ikafutika, kikohozi kikahamia mlangoni. Nyingine, kikawa uani. Nyingine, kikawa mbali, ndani ya ukungu. Neno lilipokwisha, vidole vikaendelea, vikaandika jina lingine, la kizamani, ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Mtoto akageuza shingo, akaitazama skrini. Watoto wa umri ule hawatazami kitu. Huyu alitazama, akatulia, mdomo wazi, anangoja.

"Jina lilipotea, likaokotwa," akasema Bibi. "Sasa liko mikononi mwa aliyeliokota. Huyo ndiye atamwita sikioni, na mtoto atamjua kuwa ndiye mzazi wake, badala ya yule aliyeondoka. Akilitamka mwingine, linapotea kabisa. Halitarudi tena."

Zahabu akasogea. "Nipeni mtoto. Hilo jina limetoka kwenye vidole hivi."

"Na lilipotelea kwenye vidole hivyo hivyo," akasema Hoza. "Bila mimi ungekuwa unachapa hewani. Nani aliirudisha njia mpaka mlangoni?"

"Ukaishia mlangoni!" akacheka Mbelwa. "Bila mimi sasa hivi mngekuwa mnamkaribisha kaka chai, na akimaliza chai anaondoka na mtoto."

"Wewe mchanja kuni nyamaza!"

"Kuni zilikuwa za mikono, dada. Masikio yalikuwa kazini."

"Mashemeji, wifi, nawaomba," akasema Mwanjaa. "Midomo inamkauka."

Wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kulitamka, hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Hoza aliirudisha njia ya kulifikia jina. Zahabu alilitoa gizani herufi kwa herufi. Mbelwa alilitenga na lile la kifo. Toa mmoja wao, jina halipo. Na sikio la mtoto ni dogo, linapokea mdomo mmoja.

Je, wewe ungeamua vipi? Nani ainame amwite? Fikirini, bishaneni, lakini fanyeni upesi. Mtoto wa watu bado hajanyonya, na aliyemkalisha na njaa muda wote huu kwa kupiga domo ni mimi.