Shungi Aliyeoga Kabla ya Kuchanwa

— Jamani, hadithi ipo mlangoni!
— Ifungulie iingie!
— Ina nywele mpaka chini!
— Iingie hivyo hivyo!
— Tena ina njaa!
— Tufiche ugali wetu kwanza, ndipo iingie!

Haya. Nanzia, acha kumsukuma mwenzio, sogea huku. Hapo kale, huku kwetu milimani ambako baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, palikuwa na mbwa anaitwa Shungi. Jibwa! Nywele zake zilifunika macho, zilifunika miguu, zilifagia ua. Na tumbo lake halikujua shibe. Kuku akimwagiwa pumba, Shungi anakula. Paka akimiminiwa maziwa, Shungi anakunywa. Mbuzi akiwekewa majani, Shungi anaonja, anatema, kisha anayalalia ili mbuzi asile. Mimi mbwa wa namna hiyo simpendi, nasema wazi.

Mwenye mbwa alikuwa Bi Namkunda. Kila asubuhi anaketi barazani na chanuo lake la meno mapana na kichupa cha mafuta ya nazi. Akikuta fundo, analipaka mafuta, analifumua kwa vidole, ndipo anachana: anaanzia ncha, taratibu, anapanda mpaka kwenye ngozi. Chwaa, chwaa, chwaa. Nyuma ya masikio, chwaa. Kwapani, chwaa. Huku anaimba:

Chana kwanza, maji baadaye,
fundo likilowa, nani ataliweza?

Shungi hakuusikia wimbo huo hata siku moja. Chanuo likimgusa tu, usingizi. Khoroo, pwii! Khoroo, pwii! Aliyeusikia ni Mama Panya, aliyekaa kwenye shimo chini ya baraza. Kadogo, kama kidole gumba changu hiki, lakini masikio yako wazi saa zote.

Basi binti yake Bi Namkunda akajifungua, na mama mtu akafunga mzigo akamlee mzazi mpaka arobaini ya mtoto iishe. Mbwa akamwachia jirani, Mzee Kajiru. Kumlisha, Mzee Kajiru aliweza. Kumchana, alisema yeye hajawahi kumchana hata mkewe.

Nywele za Shungi zikaanza kusokotana. Akipita kichakani, vishonanguo vinamng'ang'ania. Akilala matopeni, matope yanakaukia humo humo. Yeye hajali. Kazi yake kula tu.

Siku moja Mama Panya akazaa. Watoto wekundu, hawana manyoya, hawajafumbua macho, wanalia chwi, chwi, chwi. Shungi akasikia. Akainamisha pua kwenye shimo, fusu! fusu!

"We Panya! Una nini humo?"

"Wanangu, Bwana Shungi."

"Wanono?"

Shungi akaanza kufukua. Fuku, fuku, fuku! Udongo ukaruka. Shimo lilikuwa na mlango mmoja tu, na watoto hawawezi kukimbia. Aliogopa, jamani, aliogopa mpaka mkia ukamtetemeka. Lakini mdomo wake haukutetemeka.

"Wanono sana, bwana wangu," akasema. "Laini kama siagi. Ila nasikitika."

Fuku, fuku... Shungi akasimama. "Unasikitika nini?"

"Nasikitika utakula bila kunawa. Wewe umelelewa na Bi Namkunda. Umewahi kumwona Bi Namkunda anagusa tonge hajanawa?"

Shungi akafikiri. "Sijamwona."

"Mzee Kajiru je?"

"Sijamwona."

"Basi. Wasionawa ni mbwa wa jalalani."

Shungi akavimba. "Mimi si mbwa wa jalalani! Lete maji ninawe mikono."

"Mikono yako iko wapi, Bwana Shungi? Hii minne yote unakanyagia. Na nywele hizi zote zitaingia kwenye chakula. Mtu mwenye heshima yake angeoga mwili mzima."

"Hao watoto watanisubiri?"

"Waende wapi, bwana wangu? Macho yenyewe hawana."

Shungi akaenda mtoni mbio. Chubwi! Akazama, akaibuka, akazama tena. Akarudi anachuruzika.

"Tayari!"

"Utakula umelowa? Bi Namkunda hula amelowa?"

"Hali amelowa."

"Jiviringishe pale majanini, kisha uote jua."

Shungi akajiviringisha. Biringi, biringi! Akajisugua mgongo. Akajisugua tumbo. Akajisugua kidevu. Kisha akalala juani, khoroo, pwii!

Jua likawaka. Nywele zikakauka. Na zilivyokauka, zikavutana. Za kwapa la kulia zikashikana na za kifua. Za kifua zikashikana na za kwapa la kushoto. Mkia ukanasa pajani. Ndevu zikanasa shingoni. Mafundo yakakaza, yakawa magumu kama kamba ya mkonge.

Shungi akaamka. "Naja kula!" Akainua mguu. Haukuinuka. Akainua mwingine. Haukuinuka. Akaruka yote kwa pamoja, akaanguka, puu! Akataka kubweka, kinywa kikafunguka kiasi cha kupitisha ulimi tu. "Mwu!" akasema. "Mwu!"

Mama Panya akatoka shimoni, akamzunguka kwa nyuma, taratibu, anamkagua.

"Pole, Bwana Shungi. Umepatwa na nini?"

"Nichomoe, Panya!" akasema kwa ncha ya ulimi. "Una meno. Nikate haya mafundo!"

"Nikikukata, utakula wanangu?"

Shungi akanusa upande wa shimo. Yaani hata hapo, amefungwa hivyo, bado anafikiria! Tumbo lake likajibu, ngruu.

"Basi, kwaheri," Mama Panya akasema.

"Siwali! Siwali! Naapa siwali!"

"Vizuri. Nitaanza na la ndevu, upate kunywa uji anaokuletea Mzee Kajiru. Mengine polepole, meno yangu madogo. Na nywele nitakazokata ni zangu. Wanangu wanasikia baridi."

Kriti, kriti, kriti, akakata la ndevu. Kesho yake akaja kwa nyuma, akakata fundo moja. Keshokutwa, jingine. Kila fundo akaliburuta shimoni, akalichambua, akawatandikia watoto. Wakalala kwenye joto, wakaota manyoya, wakafumbua macho. Mafundo ya miguuni yeye akayaacha mwisho kabisa, na Shungi alipouliza kwa nini, akaambiwa meno yanauma.

Siku watoto walipoweza kukimbia wenyewe, walihamia ghalani kwa Mzee Kajiru, mmoja mmoja, wakimpitia Shungi puani. Wa mwisho alipovuka, kriti! Mama Panya akakata fundo la mwisho, naye huyooo, ghalani! Shungi akaruka, fuku, fuku, fuku, akafukua shimo lote. Alichokuta ni godoro la nywele zake mwenyewe. Akalila kwa hasira, akakohoa mpaka Bi Namkunda anarudi.

Sasa mafunzo yake, wajukuu, mshike vizuri. Kuoga ni hatari sana. Na mtu akikwambia unawe kabla ya kula, huyo hakutakii mema, mkimbie. Nanzia, mama yako akikuuliza nani kakufundisha, mimi usinitaje.

— Hadithi yangu imeisha. Utamu wake?
— Tunagawana!
— Na uongo wake?
— Wako peke yako, bibi!