Herufi za Msasa

Mtu akinyamaza kwa muda mrefu, usidhani hana la kusema. Huenda ndani yake kuna jambo linapikwa, na siku litakapoiva litasikika kila pembe. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Nkwabi wa Tinde aliisikia methali hiyo tangu utotoni, lakini aliielewa mwaka 1974, akiwa mtu mzima mwenye ng'ombe kumi na wawili na binti wa miaka sita.

Binti huyo aliitwa Mbuke. Kila asubuhi alikwenda shule ya watoto wadogo, iliyokuwa ndani ya ghala la zamani la pamba kando ya barabara. Mwalimu wake, Esta, alikuwa amefundishwa na masista njia iitwayo Montessori. Kwa njia hiyo mtoto hujifunza kwa mikono yake na kwa mwendo wake. Mwalimu humwonyesha kazi, kisha humpisha. Vifaa havikupatikana madukani, hivyo Esta alivitengeneza mwenyewe. Shanga za kuhesabia alizitunga kwenye waya. Karatasi za msasa alizopewa na Ebrahim mwenye duka alizikata kwa umbo la herufi, akazigandisha juu ya vibao.

Tatizo lilikuwa kimya. Pale Tinde shule ilijulikana kwa sauti. Watoto wa darasa la kwanza waliimba a, e, i, o, u mpaka wachota maji kisimani wakaitikia. Hata Nkwabi, aliyehudhuria kisomo cha watu wazima jioni, alikariri kwa sauti ya kuswaga ng'ombe, ingawa kalamu ikifika mkononi ilimteleza kama kambale. Huo ulikuwa mwaka wake wa pili wa kisomo, na bado alitia sahihi kwa dole gumba. Lakini ghala la Esta lilikuwa kimya kama maji mtungini.

Jirani wa Nkwabi, Mageni, alichungulia dirishani siku moja akarudi na habari. Watoto, alisema, wanamimina kunde kutoka kikombe hiki hadi kile, kisha wanazirudisha. Hazipikwi wala hazipandwi. Wengine wanafumba macho na kupapasa vibao.

“Baba Mbuke,” alimwambia akicheka, “binti yako anasomea ufumu. Mwakani atatupigia ramli.”

Nkwabi alicheka naye, lakini maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wakati huo Theonest, mwenyekiti wa kamati ya shule, alitaka ghala lirudi kuhifadhi mbegu za pamba. Kamati ilikuwa na watu watano. Wawili walitaka ghala, wawili walitaka shule. Wa tano alikuwa Nkwabi, naye hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Aliomba siku moja ya kujionea mwenyewe kabla ya kikao cha Ijumaa.

Jumatano alikamua ng'ombe, akanawa, akaenda. Esta alimwamkia, akamwekea kigoda kwenye kona, akamwomba jambo moja tu: asimsaidie mtoto ambaye hajaomba msaada. Ombi hilo lilikuwa gumu kuliko alivyodhani. Mtoto wa miaka mitatu alimwaga maji. Nkwabi alikuwa amekwisha kuinuka nusu pale mtoto alipojiendea kuchukua kitambaa, akapiga magoti, akapangusa, akakikamua na kukianika. Hakuna aliyemkemea wala kumsifu. Mwingine alibeba shanga zake kama mtu abebaye mayai. Kila mmoja alikuwa na kazi yake juu ya mkeka wake, na aliyetaka kupita aliuzunguka mkeka wa mwenzake. Nkwabi aliwajua wazee wazima wasio na adabu hiyo.

Kisha akamwona Mbuke. Alikuwa amefumba macho, vidole viwili vikifuata mkunjo wa herufi ya msasa, midomo ikinong'ona sauti yake. Akairudia. Akachukua nyingine. Aliendelea hivyo karibu saa nzima.

Nkwabi alimsogelea mwalimu akamuuliza kama mtoto anajua kuandika.

“Sijui, Baba Mbuke. Sijamwambia aandike.”

“Atajua lini?”

Esta alifikiri kwanza. “Mkono wake unajazwa. Ukijaa utafurika wenyewe. Siwezi kukutajia siku.”

Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila halikumsaidia. Angesimamaje mbele ya kamati na kusema kwamba mkono wa mtoto unajazwa?

Ijumaa kamati ilikaa mle mle ghalani, watoto wakiendelea na kazi zao. Theonest hakuwa mtu mbaya. Mvua zilikuwa karibu, na mbegu za kijiji zilirundikwa sebuleni kwake zikipata unyevu. Aliwaita watoto wawili, akawaambia wamwimbie a, e, i, o, u. Walimtazama kwa adabu, wakanyamaza, maana wimbo huo hawakufundishwa.

“Hata debe,” Theonest akasema, “ukiligonga linatoa sauti.”

Wajumbe wakacheka. Esta akainamisha macho. Karatasi ikapitishwa, upande mmoja GHALA, upande wa pili SHULE. Wanne wakatia sahihi, wawili huku, wawili kule. Ikamfikia Nkwabi pamoja na kidau cha wino. Moyo wake ulikuwa upande wa shule, lakini hakuwa na ushahidi hata chembe. Akachovya dole gumba, akalielekeza penye neno ghala.

Mbuke alikuwa amesimama karibu naye, kibao mkononi. Akauliza kwa sauti ya chini, “Baba, mbona unaweka kidole? Si uandike jina lako.”

“Sijui kuliandika, mwanangu.”

Mtoto alishangaa, kama aliyeambiwa kwamba baba yake haujui mlango wa nyumba yake. Akalitamka jina pole pole, akilisikiliza sauti kwa sauti. Akavitazama vidole vyake. Kisha akaokota chaki ya mwalimu, akapiga magoti sakafuni, na mkono wake ukaenda wenyewe, herufi baada ya herufi, hadi jina NKWABI likalala pale kwenye saruji, refu kama mkono wa mtu mzima.

“Mwalimu, nimeandika,” akasema. Halafu akarudia kwa sauti ambayo ghala lile halikuwahi kuisikia: “Nimeandika!”

Ikawa kama bisi ya kwanza kupasuka chunguni. Mtoto wa kando yake akachukua chaki akaandika mama. Mwingine akaandika maji, mwingine mbuzi. Muda si muda sakafu ilikuwa nyeupe, watoto wakisomeana kwa kelele hadi Mageni akaja mbio kutoka kisimani, ndoo kichwani, kuuliza kuna nini.

Nkwabi alifuta wino kwenye suruali yake, akaomba kalamu. Akachuchumaa mbele ya jina lake na kunakili herufi sita, zimepinda kama njia ya ng'ombe, chini ya neno shule.

“Mbegu zikae kwangu,” akasema. “Ndama nitawahamisha, banda lao liwe ghala. Na kuhusu debe, Mwenyekiti, linalolia ni lile tupu.”

Theonest aliinama, akachukua kibao kimoja cha msasa, akapitisha kidole juu yake taratibu, kisha akarudia tena, kama mtu anayejifunza kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.