Mshahara wa Kukalia Benchi

Paliondokea kipa wa akiba wa timu ya Nyuki, jina lake Chambuso, ambaye hakuwahi kugusa mpira katika mechi hata moja. Yeye alikaa benchi tu, kifurushi chekundu kikiwa kati ya miguu yake. Mwinyikondo, tajiri wa timu, akamwita.

"Mshambuliaji namlipa kwa magoli. Wewe nikulipe kwa kukalia mbao? Leo ndiyo mwisho wa mshahara wako."

"Sawa, tajiri," Chambuso akajibu kwa upole, akakikumbatia kifurushi. "Naondoka nacho."

Mwinyikondo, ambaye siku zote aliamuru wachezaji waingie uwanjani kwa kuruka ukuta, geti wakiliacha wazi kwa kuogopa uchawi, akakikodolea macho kile kifurushi. Msimu mzima hawakuwa wamefungwa nyumbani!

"Kina nini hicho?"

"Hata wapinzani wetu waliniuliza hivyohivyo, tajiri. Sikuwajibu."

Papo hapo mshahara wake ukapandishwa hadi ukaupita wa mshambuliaji, kwa sharti kwamba asinyanyuke benchi.

Siku ya fainali kipa wa kwanza akateguka mkono. Kocha akamwita Chambuso aingie.

"Mtu asimguse!" Mwinyikondo akafoka kutoka jukwaani. "Mshambuliaji akadake!"

Wakafungwa saba.

Tajiri akateremka mbio, pindo la kanzu mkononi. "We Chambuso! Mbona dawa haikufanya kazi?"

"Dawa gani tena, tajiri?" Chambuso akakifungua kifurushi, akatoa chapati mbili na maharage. "Benchi lina njaa sana. Nawa mikono, karibu tule."